Bi Mwalimu Anajibu: Mpiga Kura Yuko Tayari, Chama Je?

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa mahali ambapo sijawahi kupaandika.

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 21, nina kibanda cha M-Pesa hapa Ukunda. Uchaguzi wa 2022 ulinikuta sijatimiza umri, kwa hiyo 2027 ndiyo kura yangu ya kwanza. Juzi kaka yangu na wenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya kibanda wakisema Kenya haiko tayari kuongozwa na rais mwanamke. Ushahidi wao ni Martha Karua. Wanasema 2013 aligombea akaambulia patupu, na 2022 alipokuwa mgombea mwenza wa Raila, hata kwao Kirinyaga walimnyima. Nikakosa la kujibu. Kisha mteja mmoja, mama mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, sisi wanawake hatupendani, ndiyo maana." Hilo liliniuma kuliko maneno ya kaka. Je, ni kweli nchi haiko tayari? Na ni kweli sisi wenyewe ndio tunaoangushana? — Binti wa Ukunda

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu nami niliwahi kuambiwa hivyohivyo, na nilikaa nalo muda mrefu kabla ya kujua kwamba si kweli.

Desemba 1997 nilikuwa karani katika kituo cha kupigia kura, shule ya msingi moja upande wa Msambweni. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Barabara zilikatika na vifaa vikachelewa, hata upigaji kura wa tarehe 29 ukaongezewa siku nchini. Na huku kwetu tulikuwa na jeraha jingine: machafuko ya Likoni ya Agosti mwaka uleule yalikuwa yamewahamisha watu wengi, na waliobaki walitembea wakitazama nyuma. Hata hivyo alfajiri foleni ilikuwa imeshafika kwenye mkorosho ulio nje ya uwanja, na mbele ya foleni walikuwa wanawake. Leso zimelowa, watoto wako mgongoni, viatu wamevishika mkononi visiharibike kwa tope.

Wagombea urais walikuwa 15, na kwa mara ya kwanza wawili kati yao walikuwa wanawake: Charity Ngilu wa Kitui, wa chama cha SDP, na Wangari Maathai, yule profesa wa miti.

Aliingia bibi mmoja ambaye hakujua kusoma. Utaratibu ulikuwa kwamba mpiga kura wa namna hiyo anasaidiwa na msimamizi wa kituo, na mawakala wa vyama wanasogea ili washuhudie kwamba anaandikiwa alichosema. Maana yake ni kwamba ilimbidi aitamke kura yake mbele ya watu. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia dukani kitu asichokuwa na hakika kama kipo: "Mie namtaka yule mama wa Kitui." Wakala mmoja, kijana wa kijiji kilekile, akaguna, akasema, "Bibi, huyo mama atakuletea unga wa msaada?" Msimamizi akamkemea, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bibi akainama akaitazama miguu yake, ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Akasema, "Basi tia pale wanapotia wenzangu." Ikatiwa. Mimi ndiye niliyemchovya kidole wino. Kilikuwa baridi na kilitetemeka.

Sasa niambie mwanangu, bibi yule hakumpenda mwanamke mwenziwe? Alitoka kwake gizani na jina moja moyoni. Lililolibadilisha jina lile lilikuwa unga, na kijana aliyejua kwamba unga hupitia mkononi mwa nani. Kila nikisikia kwamba wanawake hatupendani, uso wa bibi yule hunijia.

Na hata hivyo, uchaguzi ule Ngilu alipata kura zipatazo 488,000, karibu asilimia 8 ya kura zote, akawa wa tano nyuma ya Moi, Kibaki, Raila na Wamalwa. Nyingi zilitoka Ukambani kwao, kama vile za hao wengine zilivyotoka kwao. Huo ulikuwa mwaka 1997, rais aliyeko madarakani alikuwa na miaka 19 kwenye kiti, na chama cha Ngilu kilikuwa kidogo. Wale waliompigia hawakungoja mtu aje awaulize kama wako tayari.

Nije kwa kaka yako. Ni kweli kwamba 2013 Karua hakufikisha hata kura 44,000. Hebu liangalie jambo hili kama hesabu ya darasani: 1997 mwanamke alipata karibu nusu milioni, na miaka 16 baadaye mwanamke mwingine, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria na anayejulikana nchi nzima kwa msimamo wake, akapata chini ya moja ya kumi ya hizo. Je, Wakenya waliwachukia wanawake zaidi mara kumi katika kipindi hicho? Haiwezekani. Katikati yake tulikuwa tumeipitisha Katiba ya 2010, na wasichana wengi zaidi walikuwa wamesoma. Kilichobadilika ni mchezo wenyewe. Uchaguzi wa 2013 ulikuwa wa miungano miwili mikubwa, Jubilee na CORD, na kila aliyesimama nje ya miungano hiyo, awe mwanamume au mwanamke, aliachwa mbali. Watu waliniambia waziwazi: "Karua tunampenda, lakini hatutaki kupoteza kura." Mpiga kura anayeogopa kupoteza kura hajasema kwamba mwanamke hafai. Anasema kwamba ameshaona farasi gani wana watu nyuma yao.

Na hiyo Kirinyaga anayoitaja kaka yako, mrudishie mwenyewe. Mwambie aangalie karatasi nyingine iliyopigwa kura siku ileile, katika vituo vilevile, ile ya ugavana. Mwaka 2017 wa kwanza alikuwa Anne Waiguru na wa pili alikuwa Martha Karua. Mwaka 2022 wa kwanza alikuwa Waiguru tena, na wa pili Purity Ngirici. Chaguzi mbili mfululizo kaunti nzima imebaki kuchagua kati ya mwanamke na mwanamke. Watu hao ndio unaoambiwa kwamba hawako tayari? Mwaka 2022 Mlima Kenya ulikuwa umekwenda na UDA, chama cha William Ruto, basi. Hata kama Raila angemchukua mwanamume wa Kirinyaga, mkondo ule ungempitia juu ya kichwa.

Sasa nikueleze la kwangu, ambalo nimelinyamazia miaka hii yote.

Nilistaafu ualimu 2006. Mwaka 2012 kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa kilinikalia kitako: kaunti zinakuja, na wadi yetu itahitaji mwakilishi. Tulikuwa kina mama 32. Wakasema, "Mwalimu, umetufundishia watoto, sasa katusemee." Nikauza ng'ombe wawili. Nikaingia katika chama kimoja chenye nguvu huku kwetu, nikalipia fomu ya mchujo, ile kura ya chama ya kumteua mgombea wake.

Kampeni ilinifundisha mambo ambayo vitabu havisemi. Siasa za wadi kwetu huamuliwa usiku. Wanaume hukutana mangweni kwenye mnazi, au kwenye vibanda vya kahawa baada ya isha, na hapo ndipo kijiji kinapogawanywa: huyu atapewa, huyu hapewi. Mwanamke wa rika langu akionekana huko saa nne za usiku, kesho yake jina lake limeharibika. Asipoonekana, hana kampeni. Chini ya mwembe mmoja mzee akasimama katikati ya mkutano akaniuliza, "Mwalimu, mzee wako amekuruhusu?" Mume wangu alikuwa kaburini mwaka wa sita. Nilimjibu hivyo, watu wakanyamaza, na mzee yule, namshukuru, alinitaka radhi mbele yao wote. Lakini wapinzani wangu wanaume hakuna aliyewauliza kama wake zao wamewaruhusu.

Siku ya mchujo, Januari 2013, kura zilihesabiwa kwenye vituo. Kina mama walizunguka na baiskeli na bodaboda wakikusanya matokeo yaliyoandikwa, kituo baada ya kituo, tukayajumlisha mezani kwangu kwa taa ya mafuta. Nilikuwa nimeongoza. Wa pili alikuwa mbali. Tukalala tukiimba. Keshokutwa yake cheti cha uteuzi kikapewa mtu aliyeshika nafasi ya tatu. Nilipokwenda kuuliza, bwana aliyekuwa na mhuri wa chama hata hakubisha kwamba nilishinda. Aliniambia kwa upole, tena akinivutia kiti: "Mama, wewe usiwe na wasiwasi, tutakutafutia nafasi ya kuteuliwa."

Ningependa kugombea peke yangu, bila chama. Ibara ya 85 ya Katiba inasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ulikuwa Machi 4. Nilikuwa nimeshachelewa. Na ile nafasi ya kuteuliwa haikuja.

Ndiyo maana, Binti, naliona swali hili la "nchi iko tayari?" limeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Kila uchaguzi linaulizwa kwa mpiga kura, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango. Wanakijiji wenzangu, wanaume kwa wanawake, walinipigia. Mlango ulifungwa na mtu mmoja mwenye mhuri, ndani ya ofisi yenye feni.

Uangalie urais kwa jicho hilo. Katiba, katika ibara ya 138, inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hakuna anayefika hapo kwa umaarufu wake pekee. Unahitaji mawakala katika makumi ya maelfu ya vituo, magari, chakula cha mawakala, mawakili wa kesi. Hiyo ni kazi ya chama kikubwa au muungano mkubwa. Tangu tupate Uhuru, hakuna chama kikubwa wala muungano mkubwa wa Kenya uliomkabidhi mwanamke tikiti ya urais. Si mara moja. Wanawake waliogombea waligombea kwa vyama vidogo, kisha tukawacheka kwa kura chache. Mwaka 2022 tulisogea hatua: kati ya wagombea wanne wa urais, watatu walichagua wanawake kuwa wagombea wenza, na Raila akiwa na Karua alipata asilimia 48 na ushei. Karibu nusu ya waliopiga kura waliweka alama kwenye karatasi wakijua kwamba likitokea la kutokea, mwanamke ndiye ataapishwa. Kaka yako atafakari hapo.

Penye tikiti tunaona matunda. Mwaka 2013 hakuna hata gavana mmoja mwanamke aliyechaguliwa, wala seneta wa kuchaguliwa. 2017 wakaja magavana watatu: Ngilu Kitui, marehemu Joyce Laboso Bomet, na Waiguru. 2022 wakawa saba. Sita kati ya hao saba walikuwa na tikiti ya chama chenye nguvu kwao. Wa saba, Kawira Mwangaza wa Meru, alishinda bila chama, na ona yaliyomfika: wawakilishi wa wadi walipiga kura kumng'oa mara tatu, na mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikaunga mkono. Siwezi kusema hakuwa na makosa. Niko Kwale, sikuishi Meru. Nasema tu kwamba aliingia ukumbini bila mtu wa kumkinga, na alitoka hivyohivyo.

Namibia walimchagua Netumbo Nandi-Ndaitwah mwezi Novemba 2024 kwa zaidi ya asilimia 57. Je, Mnamibia ni mtu wa namna nyingine? Hapana. SWAPO, chama kinachotawala tangu uhuru wao wa 1990, kilimsimamisha yeye. Tikiti ilikuwa mkononi mwake kabla ya mpiga kura kuulizwa lolote.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: wapiga kura wa Kenya wako tayari vya kutosha, na wangekuwa tayari zaidi kama wangewekewa jina la mwanamke mahali pazito kwenye karatasi. Sikufichi kwamba wako wasiotaka kabisa, na nimewapa nafasi hapo chini. Lakini wao si nchi.

Nawe una la kufanya kabla ya Agosti 2027. Siku ya mchujo wengi wa rika lako hubaki nyumbani wakingoja "uchaguzi wenyewe". Mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Hakikisha umeandikishwa katika chama unachokitaka kwa hiari yako, maana wengi huandikishwa na watu bila kujua, na wewe unayeshika vitambulisho vya watu kila siku kibandani unaelewa jinsi inavyowezekana. Nenda kwenye mchujo, baki kituoni mpaka matokeo yasomwe. Na yule mama mteja akirudi, mwambie kuna bibi mmoja wa Msambweni aliyetembea kwenye tope usiku kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

SWALI: Bi Mwalimu, mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Kinango. Nakuheshimu, lakini naona unawapotosha vijana. Dini yetu na mila zetu zinajua nafasi ya mwanamke. Mtume (s.a.w.) alisema hawatafaulu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Wewe utasemaje mbele ya hilo? — Baba wa Wanne

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuandika waziwazi na kwa adabu. Mimi si mwanachuoni, na hadithi hiyo naijua kwamba imo katika Bukhari. Wanazuoni wamehitilafiana juu yake. Wako wanaoichukua kwa ujumla wake, na wako wanaosema ilihusu tukio mahsusi, Waajemi walipomtawaza binti wa mfalme wao. Kwa fatwa, umuulize sheikh unayemwamini. Mimi naweza kukueleza niliyoyaona.

Pakistan walimchagua Benazir Bhutto 1988. Bangladesh walimchagua Khaleda Zia 1991, kisha Sheikh Hasina 1996. Hizo ni nchi za Waislamu, zina maulamaa wao na misikiti yao. Na tusiende mbali. Gavana wako wewe, Baba wa Wanne, ni Fatuma Achani. Alikuwa naibu wa Salim Mvurya kwa mihula miwili, kuanzia 2013, akaonekana kazini miaka yote hiyo. 2022 akagombea, Kwale ikamchagua juu ya wanaume wenye majina makubwa. Misikiti ni ileile, masheikh ni walewale. Baada ya kuapishwa kwake hakuna msikiti uliofungwa, na wanaokwenda ofisini kwake kuomba barabara na basari ni wanaume kuliko wanawake.

Ama mila, hapo naomba tukae kitako, kwa sababu mila za Pwani nimezisomesha. Wamijikenda tunajua nani aliwaapisha watu wakatae kazi ya kulazimishwa na kodi ya Mwingereza. Alikuwa Mekatilili wa Menza, mjane, mwaka 1913. Walimkamata wakampeleka Kisii, mwisho wa nchi, akatoroka akarudi Giriama kwa miguu. Hakuna mzee wa kaya aliyemwambia arudi jikoni. Na ukiwauliza Waswahili wa Mombasa mji wao ulianzwa na nani, masimulizi yao yanamtaja Mwana Mkisi, mwanamke. Majirani zako wa Taveta walimchagua daktari wa meno, Naomi Shaban, kuwa mbunge mara nne mfululizo tangu 2002. Likoni, ng'ambo tu ya feri, wamemchagua Mishi Mboko 2017 na tena 2022.

Una watoto wanne. Hukuniandikia ni wangapi wa kike. Kama yumo hata mmoja, nakuomba umsikilize akisoma kwa sauti siku moja, bila kumkatiza.

SWALI: Mwalimu, mimi nauza mitumba Lunga Lunga, navuka Horohoro kila wiki. Wenzetu Tanzania wana Mama Samia tangu zamani. Mbona sisi bado tunajiuliza kama tuko tayari? Si tufuate tu mfano wao? — Mama Mitumba

JIBU: Mama Mitumba, Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, 2021 kwa sababu alikuwa makamu, na Rais Magufuli alikuwa amefariki siku mbili kabla. Siku ile nililia mbele ya televisheni, sioni haya kusema. Mwanamke wa Kizimkazi, mwenye ushungi wake, akikagua gwaride la jeshi! Wajukuu zangu wa kike walinyamaza kimya wakimtazama, na hilo halitafutika.

Lakini swali letu ni la kuchaguliwa. Uchaguzi wao wa Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani, Chadema, hakikuwamo kwenye karatasi, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini. Tume ikatangaza karibu asilimia 98. Kulikuwa na maandamano na damu ikamwagika, nawe unayevuka pale bila shaka ulisikia mengi kuliko mimi. Uchaguzi wa namna ile hauwezi kutuonyesha kama watu wako tayari kumchagua mwanamke au la, kwa sababu hawakuachiwa nafasi ya kuchagua kati ya watu. Nami nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nilimtakia mema. Nataka wetu aje kwa kushindana na walio huru kumshinda.

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Nina miaka 38, ni mkunga, nataka kugombea uwakilishi wa wadi 2027. Wazee wananiambia niende nikagombee kile kiti cha akina mama cha kaunti, hiki cha wadi niwaachie wanaume. Nianzie wapi? — Mkunga

JIBU: Marahaba mama. Umenifurahisha kuliko barua zote.

Kile kiti cha mwakilishi wa wanawake kiliwekwa ili kuongeza hesabu yetu bungeni, viti 47, kimoja kila kaunti. Hakikuwekwa ili tufukuzwe kwenye vingine. Katiba inasema si zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa wawe wa jinsia moja, na Bunge limeshindwa kuitungia sheria hata Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais, Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa. Kwa hiyo wakikuambia "nenda kwenye kile chenu", waambie vyote ni vyenu na vyetu.

Mambo ya kuanza nayo. Angalia leo, usingoje kesho, kama jina lako limo katika daftari la chama chochote. Msajili wa Vyama vya Kisiasa anakuwezesha kuangalia kwa eCitizen. Ukikuta umeandikishwa bila ridhaa yako, jitoe na uhifadhi uthibitisho. Kisha amua mapema kama unaingia na chama au peke yako, na uihesabu miezi ile mitatu kurudi nyuma kutoka siku ya uchaguzi, uiandike ukutani. Mimi sikuiandika. Kama wewe ni mwajiriwa wa serikali, uliza tarehe ya kujiuzulu, maana ikikupita hakuna wa kukusikiliza. Ada za tume kwa wanawake hupunguzwa, uliza kabla ya kulipa.

Usikubali mchujo bila wakala wako katika kila kituo, na wakala huyo awe na simu yenye chaji ya kupiga picha matokeo kabla karatasi haijaondolewa. Usiku wa mangweni usiende wewe. Mtume kaka yako au shemeji unayemwamini, nawe wakusikie asubuhi kliniki, kwenye kisima na kwenye mkutano wa wazazi shuleni, kwa sababu mkunga anajulikana na kila nyumba. Wale uliowapokea watoto wao wameshaiweka roho yao mkononi mwako mara moja.

Zile karatasi za matokeo za 2013 bado ninazo, vituo vyote, ndani ya bahasha ya kaki chini ya Msahafu wa marehemu mume wangu. Nitatoa nakala niziache ofisi ya gazeti kwa jina la Mkunga. Uzione zilivyo, ujue wakala wako anatakiwa kuleta nini usiku ule.